Kidole cha Kuazima

Namuomba Maulana,
Mpaji asiyebana,
Anipe neno bayana,
Kisa nipate wambia.

Sifa njema zote ni zake Yeye aliyemfinyanga mwanadamu kwa udongo, kisha akamchorea kila mmoja mistari ya vidole isiyofanana na ya jirani, hata wawe wa tumbo moja. Na rehema zimfikie Mtume Wake, na jamaa zake, na kila aifuataye haki. Baada ya hayo, msomaji wangu, turudi dirishani.

Tuliachana wiki iliyopita mbele ya dirisha la hospitali, siku ya Jumanne, saa tatu ya asubuhi. Karani wa dirisha alikuwa amekikamata kidole gumba cha mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, akakikandamiza juu ya kioo. Taa ikawaka kijani. Chombo kikataja jina.

Na jina lile halikuwa la mwanamke yule. Lilikuwa la mke mwenzake aliyesimama ubavuni pake, macho mawili mazima, mdomo wazi.

Kwa ajili ya msomaji ambaye leo amelikuta gazeti hili limefungiwa misumari dukani, na niwapange watu wangu kwa safu.

Wa kwanza ni Bi Mkubwa, umri wake hamsini na miwili. Mwaka wa kumi na moja huu anaosha mapipa katika yadi iliyo nyuma ya reli. Mapipa hayo huja na mabaki ya magadi makali ya viwanda vya sabuni. Husuguliwa, huanikwa, kisha huuzwa kwa watu wa kuwekea maji. Bi Mkubwa ni mkali wa ulimi, mwepesi wa kuswali, mzito wa kusamehe.

Wa pili ni Bi Mdogo, mwenye miaka thelathini na minne, fundi cherehani kwa asili. Mume wao alipofariki, miaka mitatu iliyopita, aliwaachia vyumba viwili, mlango mmoja, na cherehani iliyouzwa kabla ya eda kwisha. Mume alikwenda zake; wivu haukumfuata kaburini. Ulibaki nyumbani ukila nao sahani moja.

Wa tatu ni Bwana Mapipa, mwenye yadi, ambaye haonekani. Anayeonekana ni msimamizi wake, mtu mrefu wanayemwita Kamba, kwa kuwa hufunga kila mtu ilhali yeye hafungwi na lolote.

Wa nne ni Mradi wa Kupunguza Umaskini. Wanawake wa yadi humtaja kama mtu: Mradi amefika, Mradi amekasirika, Mradi leo kavaa tai. Nami nimewaachia wenyewe usemi wao.

Sasa, habari ya kidole. Miaka miwili iliyopita Mradi alifika kuwaandikisha watu wa yadi zote za nyuma ya reli, watu wasio na mkataba wala cheti. Aliyeandikishwa alipewa kadi yenye nambari, na mwenye kadi alitibiwa bure akiumia kazini. Kadi haikuwa na picha. Mradi alisema picha hudanganya, kidole hakidanganyi.

Bi Mkubwa aliweka kidole kiooni. Taa nyekundu. Akaweka cha pili, nyekundu. Akavimaliza vyote kumi. Magadi yalikuwa yamekwisha kumfuta, ncha za vidole vyake laini kama mgongo wa kijiko. Kazi iliyompa haki ya kuandikwa ndiyo iliyomnyima cha kuandikiwa.

Karani wa Mradi alikuwa na haraka. Siku ile alitakiwa awafikishe mia tano, naye alikuwa na mia nne tisini na tisa. Akainama, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba, mama, kitafute kidole.

Ikawa Bi Mdogo amefika yadini kumletea mwenzake ufunguo wa mlango. Akapitisha mkono chini ya mtandio wa Bi Mkubwa, akabonyeza. Kijani. Wakacheka wote, pamoja na karani. Chumvi huazimwa, ungo huazimwa, hata mtoto huazimwa akatumwa dukani. Kidole kina nini?

Kina hili. Njaa ilipomwingiza Bi Mdogo naye yadini, akaenda kuomba kadi, chombo kikasema: huyu ameshaandikwa. Alikuwa ametoa nafasi yake ya pekee, na hakuna aliyejua namna ya kuirudisha. Bi Mkubwa alijua nafasi ya nani imo mfukoni mwake. Akanyamaza. Akanyamaza mwaka na nusu.

Asiye na kadi hupewa kazi moja tu: kufungua vifuniko. Jumapili, pipa lililovimba kwa jua likamtemea Bi Mdogo machoni. Bwana Mapipa akatuma neno kwamba huyo si wake, alipita tu kuomba maji.

Hao ndio watu, na hayo ndiyo yaliyopita. Tuendelee.

"Nambari mia tano," alisema karani wa dirisha bila kuinua uso. "Mfanyakazi halali. Chumba cha tatu. Msindikizaji amshike mkono asijikwae."

Bi Mkubwa alikuwa ameiweka kadi yake pale kwa nia nyingine kabisa: aonyeshe kwamba yeye ni mtu wa Mradi, kisha amwombee mwenzake huruma. Akafungua kinywa asahihishe. Kucha za Bi Mdogo zikamzama mkononi.

"Usiseme kitu."

"Ni uongo, mwenzangu."

"Ni uongo. Wako au wangu?"

Swali hilo nyumba ile ililikwepa mwaka na nusu. Wakaliacha pale dirishani, wakaenda chumba cha tatu.

Kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango, maumivu yalimzidi Bi Mdogo hata akawa anahema kama aliyepanda ngazi. Lakini ulimi wake haukuugua.

"Miaka yote ile natamani kuwa mkubwa wa nyumba," alisema. "Leo nimepata cheo, na siwezi hata kuona ulivyokunja uso."

"Sijakunja uso."

"Dada, nakujua. Umekunja mpaka masikio."

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache, na machache yale yalikuwa mazito. Jicho la kulia limekwisha, hilo wasimwulize. La kushoto bado linatofautisha mwanga na kivuli. Akilifunika kwa utando mwembamba leo hii, litaona. Wakingoja hadi Ijumaa, litakwenda kumfuata mwenzake. Chumba cha upasuaji ki tayari. Kilichobaki ni karatasi: yadi itie saini kwamba mtu wake ameumia kazini, na Mradi atie saini kwamba mtu huyo ndiye.

Daktari akapiga simu mbili. Haikupita saa wakafika watu wawili.

Wa kwanza alikuwa Kamba.

Aliwatazama wake wenza, mmoja baada ya mwingine, kama mnunuzi anayelinganisha mapipa. Alifahamu mara moja. Akamvuta Bi Mkubwa nje, nyuma ya jengo, pale penye bomba la kufulia mashuka.

"Kwa hiyo mmebadilishana."

"Hatukubadilishana. Dirisha ndilo lililotubadilisha."

"Sawa mama, mimi si kadhi." Akatoa kalamu, akaiwamba karatasi ukutani. "Natia saini sasa hivi. Nambari mia tano ameumia yadini, atibiwe, aondolewe kwenye orodha. Tajiri hana neno. Gharama ni za Mradi."

Bi Mkubwa alishangaa. Jumapili yule yule tajiri alimkana majeruhi mbele ya watu. Akauliza, huruma hii imetoka wapi?

Kamba hakuudhika. Alimweleza kwa upole, kama mwalimu. Mwenye kadi, alisema, anataka glavu, anataka buti, anataka asugue kivulini, na wakaguzi wa Mradi wakija lazima avikwe avitakavyo. Asiye na kadi anataka kazi tu. Bi Mkubwa akiisha kuwa kipofu karatasini, yadi itakuwa imepunguza mwenye kadi mmoja na kupata asiye na kadi mmoja, tena mzoefu wa miaka kumi na moja.

"Tajiri atafurahi," alisema. "Alhamisi saa moja asubuhi uwe langoni. Nafasi ya mwenzako i wazi."

"Ya vifuniko."

"Ulidhani ipi, ya uhasibu?"

Akaisogeza kalamu mpaka ikagusa karatasi. "Nitie, nisitie?"

Msomaji, kalamu yangu inaona haya kuandika linalofuata, lakini kisa kikifichwa nusu huwa fitina. Bi Mkubwa hakujibu upesi. Alisimama kadiri ya kusoma Alhamdu mara tatu, naye hakuwa akisoma Alhamdu.

Alikuwa akifikiri juu ya kivuli cha bati na glavu ngumu za mpira, vitu alivyovipata akiwa na miaka hamsini. Na Ibilisi, ambaye hapendi kumwona mtu peke yake, akamwinamia sikioni: huyu alikuja kukunyang'anya mume ukastahimili, sasa anakunyang'anya jina. Rudi dirishani useme kweli. Kweli si dhambi.

Ndipo ulipo ujanja wa Ibilisi: alimshauri kweli.

Kupitia dirisha la ukumbi Bi Mkubwa alimwona mwenzake kwenye benchi. Muuguzi alikuwa amempa kikombe cha maji, naye alikuwa akikitafuta hewani kwa vidole vitano vilivyokunjuliwa, vidole vya fundi wa sindano, akikipita kushoto, akikipita kulia, akitabasamu asije akaonekana anahangaika.

"Tia saini," alisema Bi Mkubwa.

Kamba akatia, akachomeka kalamu mfukoni, akaenda zake akipiga mluzi. Kilichobaki kilikuwa Mradi.

Na Mradi, msomaji, alikuwa yule yule karani. Sasa alikuwa afisa. Tai ilikuwa ndefu zaidi, na tumbo lilikuwa limeitikia wito wa cheo. Alikalia kiti cha daktari, akafungua daftari, akamwita msindikizaji aingie peke yake, akamwambia kwa haraka kwamba ni jambo dogo tu: aape kuwa mgonjwa aliye nje ndiye mwenye nambari mia tano.

Bi Mkubwa alikuwa tayari kutoa kivuli, glavu na buti. Kiapo hakikuwa chake hata akitoe.

"Bwana, siapi. Kidole ni chake, jina ni langu. Nawe ulikuwepo."

Afisa aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Mama, sijasikia."

"Nitasema tena."

"Usiseme tena. Nikisikia lazima niandike. Nikiandika, watu wa yadi wote mia tano wataitwa kupimwa vidole upya. Wewe unaijua mikono yao. Wangapi wataiwasha kijani?"

Bi Mkubwa aliwajua. Aliwaona mmoja mmoja, viganja vyeupe vilivyovimba, kucha zilizolika, vidole vinavyoteleza kwenye kikombe cha chai. Hakuhesabu, kwa kuwa hakukuwa na haja.

"Na huyo nje," aliongeza afisa kwa sauti ya kusikitika, "leo hatapasuliwa."

Kisha akafanya jambo ambalo, nadhani, alilikusudia liwe faraja. Akaligeuza daftari, akamwonyesha mstari wenye jina lake. Mbele ya jina palikuwa na muhuri wa duara. Akamsomea: nambari mia tano alitoka kwenye umaskini mwezi wa tatu mwaka jana.

"Imeandikwa, mama. Wewe si maskini tena."

"Nilitoka, nikaenda wapi?"

Afisa alilitazama daftari, kana kwamba palikuwa na safu ya jambo hilo. Hapakuwa.

Wakapatana kwa namna wanavyopatana mwenye shida na mwenye muhuri. Kiapo kikaachwa. Akaandikwa kuwa msindikizaji tu, ashuhudie kwamba mgonjwa amefikishwa. Afisa akauliza jina la msindikizaji.

Jina lake lilikuwa nje kwenye benchi, likiwa na kitambaa machoni.

"Andika: mke mwenza."

Akaandika. Akamsogezea kidau cha wino, aweke kidole karatasini. Bi Mkubwa akaweka. Wote wawili wakakitazama kilichobaki pale: doa jeusi la duara, lisilo na mstari hata mmoja. Afisa akalipuliza likauke, akafunga faili.

Saa nane mchana Bi Mdogo akaingizwa upasuaji. Saa kumi akatolewa, kichwa kimefungwa bendeji. Daktari akatoa amri zake, akazirudia mara mbili: siku arobaini ndani, mapazia yamefungwa, asiguswe na vumbi wala moshi. Na jua liogopwe kuliko yote. Jua likilipata jicho kabla ya wakati, utando utaachia, na hapana utando wa pili.

Jumatano ilikuwa siku ya amani, nami nitaipita upesi, kwa kuwa amani haina mengi ya kusimulia. Bi Mkubwa alimlisha mwenzake uji kwa kijiko, na mwenzake alilalamika kwamba analishwa kama ufa unaozibwa kwa saruji. Akauliza Kamba alitaka nini. Akajibiwa kwamba alikuja kuwajulia hali. Bi Mdogo akasema, basi kiama kimekaribia.

Akaongea habari za cherehani. Jicho moja linatosha kutunga uzi, alisema. Wataikodi moja, waiweke mlangoni, washone sare za watoto wa shule, na yadi wataisahau wote wawili. Wote wawili, alisema. Bi Mkubwa akaitikia inshallah kwa kila sentensi, kama maamuma.

Mpaka ilipokaribia alasiri, akiwa anamfunga kitambaa cha kichwa, ndipo alilolinyamazia mwaka na nusu likamtoka.

"Unisamehe kidole."

"Kipi? Hiki hapa, ninacho bado." Bi Mdogo akakiinua hewani, akakikunja na kukikunjua. Kisha akakishusha polepole. "Nilikusamehe zamani, dada. Nilikuwa nangoja uniombe."

Alhamisi ikafika.

Saa moja na nusu asubuhi daktari alifunga mapazia, akafungua bendeji kwa mkasi mdogo, tabaka baada ya tabaka. Akamwambia Bi Mdogo afumbue taratibu, asilazimishe.

Akaona ukungu. Ndani ya ukungu akaona kifungo cha shati la daktari, cheupe, chenye matundu manne. Akaona saa ya muuguzi. Akaona mkono wake mwenyewe, akaugeuza huku na huku kama mtu aliyenunua kitu ghali. Alilia kwa jicho moja, akakatazwa kulia.

Daktari akaridhika, akaenda kwa wagonjwa wengine. Muuguzi akaanza kukusanya bendeji. Bi Mdogo, kwa uroho wa mtu aliyerudishiwa macho, akawa anasoma kila kilichoandikwa mle ndani: chapa ya kitanda, onyo la ukutani, na mwisho karatasi iliyoning'inia miguuni pake.

Jina la Bi Mkubwa. Nambari mia tano. Halafu mistari miwili kwa mwandiko wa afisa: *Ameharibika jicho kazini. Ameondolewa kwenye orodha ya yadi.*

Akaisoma tena. Alikuwa amedhani jina limeazimwa kwa siku mbili tatu, la kutibiwa tu, kisha kila mtu arudi kwake.

"Yuko wapi aliyenileta?"

"Yule mama? Katoka tangu alfajiri," alisema muuguzi. "Kasema anawahi kazini."

"Kazi gani? Kazi yake ndiyo hii mmeifuta hapa."

Muuguzi hakujua, wala haikuwa kazi yake kujua. Bi Mdogo alijua. Yadini hakukuwa na nafasi iliyo wazi ila moja, naye ndiye aliyeiacha wazi. Akaiteremsha miguu, akatafuta viatu.

Wakati huo, nyuma ya reli, jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya paa la bati. Upande wa kivuli walikaa wenye nambari, glavu mikononi, brashi zikienda. Upande wa jua yalipangwa mapipa yaliyoingia jana, yamefungwa bado, na mbele ya mapipa alisimama Bi Mkubwa, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, kama mgeni.

Kamba alimkabidhi nyundo na tindo. Mpini wa nyundo ulikuwa umefungwa kitambaa cha maua; Bi Mkubwa alikitambua kitambaa kile na mshono wake. Akaomba kitambaa kingine, kilicholowa maji, ajifunike uso.

"Vya uso ni vya wenye nambari," alisema Kamba.

"Mimi nina miaka kumi na moja hapa."

"Miaka unayo, mama. Nambari huna."

Wenzake wa kivulini waliinamisha vichwa. Si kwamba hawakumpenda. Kila mmoja alikuwa na kidole chake cha kuficha na mlango wake wa kuulinda. Mmoja tu, akisugua bila kuinua macho, alisema kwa sauti ya kutosha kumfikia: "Simama upande wa upepo, dada. Na usilikaribie lile la mwisho."

Lakini Kamba alikuwa amekwisha kulionyesha lile la mwisho. Lina mnunuzi, alisema, anangoja. Pipa lilikuwa la buluu. Kifuniko chake kilikuwa kimeumuka juu kama unga uliotiwa hamira, na mtu akikaribia alisikia linatoa sauti, sauti ndogo, kama mtu anayesonya.

Bi Mkubwa aliutazama upepo. Hapakuwa na upepo. Akamtaja Mola wake, akaweka ncha ya tindo ukingoni mwa kifuniko.

Hospitalini, Bi Mdogo alikuwa amefika mlango mkubwa. Kutoka pale mpaka yadini ni mwendo wa robo saa kwa mtu mzima wa macho, barabara ya vumbi tupu, na nje jua lilikuwa limemwagika juu ya kila kitu. Muuguzi alimkimbilia, akamshika bega, akamkumbusha siku arobaini, akamkumbusha utando, akamwambia kwa sauti iliyovunjika kwamba hakuna jicho jingine.

"Mama, huoni hilo jua?"

"Jua naliona. Nisiyemwona ni yeye."

Akautoa mkono wa muuguzi begani kwa adabu, kama anavyoondolewa mtoto aliyesinzia. Akaliziba jicho kwa kiganja, akaacha upenyo wa upana wa uzi ili aone njia, akavuka kizingiti.

Na nyuma ya reli nyundo ikainuliwa juu.

Ya Rabi, Wewe unayewaona wote kwa mara moja. Waliobaki kivulini uwape nguvu ya kuwakumbuka walio juani. Walio juani uwe Wewe kivuli chao. Wajane waliobaki na mlango mmoja usiwafungie mlango huo. Aliyeshika nyundo uuzuie mkono wake, japo kwa kikohozi. Na huyu aliye njiani, Ya Latifu, umfupishie njia. Amin.